Mabalozi wauza kahawa China: sekunde zikiisha, soko linabaki kwa nani?

Mei 14, 2020, wakati ndege zimelala viwanjani na migahawa ya Ulaya imefunga milango kwa sababu ya Korona, Balozi wa Rwanda nchini China, Bw. James Kimonyo, alijitokeza katika matangazo ya mauzo ya moja kwa moja kwenye mtandao wa kampuni ya Alibaba. Mwenyeji wake alikuwa Viya, mwanamama ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mtandaoni nchini humo. Balozi alieleza sifa za kahawa ya nchi yake, wateja wakabonyeza simu zao, na mifuko 3,000 yenye jumla ya tani 1.5 ikamalizika kabla hajapata muda wa kunywa kikombe. Hesabu ya muda ilikuwa ya sekunde.

Januari 2022 ikawa zamu ya Ethiopia. Balozi Teshome Toga naye aliingia katika matangazo ya aina hiyo, na mifuko 11,200 ya kahawa ya Ethiopia ikaripotiwa kununuliwa katika sekunde tano. Habari hizo zilizunguka dunia nzima. Huku Afrika Mashariki zilipokelewa kwa furaha, na kwa wafanyabiashara wengi zilizaa swali moja: kama balozi anaweza kuuza kwa kasi hiyo, mbona kahawa yetu inapita mnadani na mikononi mwa madalali wa Ulaya kwanza?

Swali hilo ni halali, lakini kabla ya kulijibu ni vyema kushika kalamu na kupiga hesabu.

Kahawa ikikaangwa hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Kwa hiyo tani 1.5 za kahawa iliyokaangwa zinatokana na takriban tani 1.8 za kahawa safi, yaani magunia 30 hivi ya kilo 60. Kontena la futi 20 hubeba magunia 300 hadi 320. Mauzo yaliyotikisa vyombo vya habari hayakujaza hata sehemu ya kumi ya kontena moja, kutoka nchi inayosafirisha zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka. Chama cha ushirika cha wastani chenye mtambo wake wa kumenya kahawa kinaweza kukusanya mzigo huo katika siku chache za msimu.

Hii haina maana kwamba balozi alipoteza muda. Ina maana kwamba kilichouzwa siku ile hakikuwa kahawa peke yake.

Kazi za ubalozi zimeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961. Kifungu cha tatu kinataja, pamoja na kuiwakilisha nchi na kufanya majadiliano na serikali mwenyeji, kukuza uhusiano wa kirafiki na kuendeleza uhusiano wa kiuchumi, kiutamaduni na kisayansi. Kifungu cha 42 kinamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara kwa faida yake binafsi katika nchi aliyopelekwa. Kwa maneno mengine, balozi anaweza kusimama nyuma ya meza na kuisifu bidhaa ya nchi yake mpaka jasho limtoke, lakini faida ni ya mwenye bidhaa. Wafanyabiashara wanaodhani ubalozi ni duka la jumla hukosea hapo. Ubalozi haununui mzigo wala kubeba hasara ya mzigo, na hautoi hati ya dhamana ya benki.

Unachotoa ni jina. Ethiopia imelielewa hilo mapema kuliko jirani zake. Katika balozi zake, hafla yenye uzito haikosi sherehe ya kahawa: buni hukaangwa mbele ya wageni, moshi wa ubani ukapanda, kahawa ikapikwa ndani ya jebena ya udongo na kumiminwa katika vikombe vidogo mara tatu, awamu ya kwanza ikiitwa abol, ya pili tona, na ya tatu baraka. Mgeni mwenye haraka huona ni utamaduni tu. Lakini mwenye kiwanda cha kukaanga aliyekaa kiti cha pili amekwisha kusikia majina ya Yirgacheffe, Sidamo na Harar, na ameonja. Kesho yake akiona jina hilo kwenye orodha ya bei, haliulizi ni la wapi.

Ethiopia ililipigania jina hilo hata mahali pasipo na ngoma. Mwaka 2005 iliwasilisha maombi Marekani ya kusajili majina hayo matatu kama alama zake za biashara. Upinzani ulitoka kwa chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko, na mzozo na kampuni ya Starbucks ukafika kwenye magazeti kabla ya pande mbili hizo kutiliana saini makubaliano Juni 2007. Miaka miwili ya barua, mawakili na vikao, kwa ajili ya maneno matatu.

Tanzania nayo inayo bahati ya jina, ingawa ilikuja kwa njia nyingine. Nchini Japani kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyovunwa Mbinga au Mbozi, na kwa kanuni za wafanyabiashara wa huko mchanganyiko unaobeba jina hilo lazima uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Mkulima wa Ruvuma huenda hajawahi kuuona mlima wenyewe, lakini unamuuzia.

Tukirudi Beijing, mlango ambao Bw. Kimonyo aliupita ulikuwa umefunguliwa miaka miwili nyuma. Oktoba 31, 2018, Rais Paul Kagame na mwanzilishi wa Alibaba, Jack Ma, walizindua mjini Kigali mpango wa biashara ya mtandao unaojulikana kwa kifupi kama eWTP, wa kwanza barani Afrika. Wakati wa uzinduzi ilielezwa kwamba mzalishaji wa Rwanda aliyekuwa akipata dola 8 kwa mfuko angeweza kupata dola 12 akimuuzia mlaji wa China bila kupitia kwa watu wa kati. Ethiopia ilijiunga na mpango huo Novemba 2019. Bila mpango huo, bila duka lililokwisha kufunguliwa mtandaoni, bila ghala lenye mzigo uliokwisha kulipiwa forodha, balozi angekuwa amezungumza na kamera bure.

Dola nne za ziada ni fedha nzuri, ila zina masharti. Mwenye kuuza mfuko uliokaangwa anagharimia mashine, mfuko wenye maandishi ya Kichina, ghala na tangazo, kisha anasubiri. Anayeuza kahawa safi mnadani anapata hundi yake na kurudi nyumbani. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Bei ikiwa juu kiasi hicho, ni mkulima gani atakubali kusubiri mfuko uuzwe Shanghai? Bei ikishuka, kila mtu anaukumbuka ubalozi. Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua mashine ya kukaanga, hapo ndipo penye hatari yenyewe: malighafi yake hupanda bei pale pale anapoanza kupata wateja.

Hatari ya pili ilijionyesha bila kutarajiwa. Desemba 2021 mamlaka ya kodi ya mji wa Hangzhou ilimtoza Viya yuan bilioni 1.34, ikiwa ni kodi aliyokwepa pamoja na faini, na kurasa zake za mauzo zikatoweka mtandaoni. Bidhaa iliyokuwa imemtegemea yeye peke yake ililazimika kuanza upya. Kahawa ya Rwanda haikufa kwa sababu ilikuwa na duka lake. Ni somo ambalo muuza vitenge wa Kariakoo anayetegemea mteja mmoja kutoka Lubumbashi analijua tayari, bila kulipia ada.

Wapo waliokwenda China kwa mtindo mwingine. Novemba 2024 Brazil, kupitia wakala wake wa kukuza biashara ya nje, ApexBrasil, ilitiliana saini na kampuni ya Luckin Coffee hati ya makusudio ya kuiuzia tani 240,000 za kahawa kati ya mwaka 2025 na 2029, yenye thamani ya dola bilioni 2.5 hivi. Wastani wake ni tani 48,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya mavuno ya Rwanda ya miaka hii. Luckin ilianzishwa mwaka 2017 na kufikia Juni 2023 ilikuwa imefikisha maduka 10,000 nchini China. Brazil haikumtafuta mnywaji mmoja mmoja. Ilimfuata yule anayewauzia wote.

Je, Afrika Mashariki ifanye hivyo? Kwa kiasi cha mzigo, haiwezi kushindana na Brazil, na ni busara isijaribu. Luckin hiyo hiyo imewahi kuiuza Yirgacheffe kwa jina lake, kama kahawa ya pekee yenye ladha yake. Nafasi ya nchi zetu ni hiyo: kiasi kidogo, jina kubwa, bei ya juu. Na hiyo ndiyo nafasi ambayo sherehe ya ubalozi, pamoja na ubani wake, inaweza kuijenga, mradi nyuma ya sherehe kuna magunia ya daraja linalolingana na sampuli iliyoonjwa. Mnunuzi aliyeonja kitu kimoja ubalozini na kupokea kingine bandarini harudi tena, na hatamwandikia balozi kueleza sababu.

Kazi nyingine za ubalozi hazina kamera kabisa, nazo pengine zina faida kubwa zaidi kwa msomaji wa ukurasa huu. Parachichi la Kenya liliingia China kwa mara ya kwanza Agosti 2022 baada ya miaka ya mazungumzo kuhusu wadudu na ukaguzi wa mashamba. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, Tanzania nayo ilisaini itifaki ya parachichi lake. Hakuna aliyeuza tunda hata moja katika vikao hivyo. Hata hivyo bila karatasi hizo kontena lingerudishwa kutoka bandarini.

Kwa upande wa kahawa, karatasi muhimu ni usajili. Tangu Januari 1, 2022, wazalishaji wa vyakula walio nje wanaotaka kuuza China wanatakiwa wasajiliwe na Mamlaka ya Forodha ya nchi hiyo. Kahawa safi isiyokaangwa iliwekwa katika kundi ambalo mzalishaji hajisajili mwenyewe, bali hupendekezwa na mamlaka husika ya nchi anakotoka. Mwambata wa biashara aliyepo ubalozini anaweza kuulizia jina lilipokwama na kuharakisha majibu, lakini hawezi kulipendekeza jina ambalo halijapelekwa na mamlaka ya nyumbani. Wafanyabiashara wengi huanza safari mwisho: wanatafuta mnunuzi kwanza, wanasherehekea, kisha wanakuta kiwanda chao hakimo kwenye orodha.

Ushuru nao umebadilika. Kuanzia Desemba 1, 2024 China iliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zote kutoka nchi zenye maendeleo duni kabisa ambazo ina uhusiano wa kidiplomasia nazo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia na Kongo zimo katika kundi hilo. Kenya haimo, kwa kuwa kiuchumi imewekwa daraja la juu zaidi. Juni 2025 China ilitangaza nia ya kupanua msamaha huo kwa nchi zote 53 za Afrika ilizo na uhusiano nazo. Nchi pekee iliyobaki nje ni Eswatini, ambayo ubalozi wake uko Taiwan. Hapo mtu anaweza kuona thamani ya ubalozi kwa shilingi na senti: jirani wa Afrika Kusini analipa ushuru kwa sababu ya bendera inayopepea mji mwingine.

Msamaha huo unahitaji cheti cha uasili wa bidhaa. Mzigo ukipitia kwa dalali wa nchi nyingine, ukachanganywa na wa nchi nyingine, cheti kinapoteza maana na ushuru unarudi. Wanaonunua kahawa ya mpakani kwa bei poa wazingatie hilo kabla ya kupakia.

Kwa anayetaka kujaribu, balozi za Afrika zilizoko Beijing hukusanya wafanyabiashara wa nchi zao katika maonyesho mawili makubwa. Moja ni la bidhaa kutoka nje, hufanyika Shanghai kila Novemba tangu mwaka 2018. Jingine ni la biashara kati ya China na Afrika, mjini Changsha, lililoanza Juni 2019 na kufanyika kwa mara ya nne Juni 2025. Meza huombwa miezi kadhaa mapema kupitia mamlaka za biashara za nyumbani. Anayeomba meza ya kahawa aandae sampuli, kiasi cha tani anachoweza kutoa kwa msimu, bei hadi bandarini, na namba yake ya usajili.