Raha na Karaha za Mwasumini wa Uani

WAPO watu wanaoamini kwamba kazi ya maua ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Wakimwona mwenzao ameinama jioni, kikoi amekikunja magotini na kopo la maji mkononi, huulizana kwa kejeli, "Angalau angepanda mchicha, si angeula?" Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo. Lakini huu ni mwaka wa tatu tangu marehemu mama kuniachia mwasumini mmoja uani kwake, Mji wa Kale hapa Mombasa, na yaliyonipata kwa ajili ya mti huo yamenifunga mdomo.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajalijua ua hili, asumini ni kitu kidogo cheupe. Likiwa tumba halizidi kifungo cha shati. Mchana kutwa hutaliona la maana. Jua likianza kupunga ndipo matumba hunenepa, na usiku ukiingia hufunguka, na hapo harufu yake huruka ukuta ikaingia kwa jirani bila ya kupiga hodi. Kesho yake limekwisha kazi yake. Likifika adhuhuri limegeuka rangi ya chai na kuanguka. Kwa hiyo asumini huchumwa baina ya alasiri na magharibi, kabla halijafunguka, likatungwa kwa sindano na uzi, ili likafungukie kichwani mwa bibi arusi au juu ya mto wa kitanda. Ukichelewa saa moja umekosa, na hakuna friji itakayokusaidia.

Bustani ya Mswahili, yakini, haikuwa ya macho. Ilikuwa ya pua. Hata lugha yetu imeviweka vitu hivi viwili pamoja: ua la kunusa na ua wa nyumba. Wingi ndio unaovitenga, hili likawa maua na ule ukawa nyua. Katika nyumba za zamani za Mombasa na Lamu, ambazo ukuta wake wa mbele umesimama njiani bila hata shubiri moja ya ardhi ya kupandia, ua la kunusa halikuwa na pahala pengine pa kumea ila katika ua wa nyumba, karibu na kisima. Humo utaukuta mrihani, unaojimwagia mbegu na kujiotea wenyewe. Waridi la kienyeji. Kilua, ambacho kina mama hukipenda mno. Na mlangilangi, ambao ukiuachia utapita dari ukawa mti mkubwa, maua yake yakianza kijani na kuishia manjano. Mkadi haufugwi sana majumbani kwa sababu ya miiba ya majani yake. Huo hutafutwa nje ya mji. Majina ya maua haya aghalabu yamevuka bahari: waridi na rihani ni Kiarabu, asumini lilitoka Uajemi kwa kupitia kwa Waarabu, na langilangi asili yake ni Ufilipino.

Vikikusanywa majani ya mrihani, petali za waridi, matumba ya asumini na kipande cha mkadi, vikafungwa pamoja kwa uzi, hicho ndicho kikuba, ambacho mwanamke hukiweka kifuani. Siku ya arusi ua la nyumba moja halitoshi. Hutumwa watoto nyumba kwa nyumba na sahani tupu, na si ada kuirudisha sahani vile ilivyokuja.

Siku hizi ukipita mitaa yenye nyumba kubwa utaona kuta zimefunikwa na bogenvilia. Huu ni mti wa Brazil, na jina lake ni la Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kwa merikebu kati ya 1766 na 1769. Rangi zake nyekundu na zambarau wala si maua. Ni majani yaliyojigeuza, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichomo katikati. Hauombi maji mengi, hauugui ovyo, na hauna harufu. Ni mti wa mtu mwenye shughuli zake, nami sina ugomvi nao.

Na waridi je? Kenya yetu ni miongoni mwa nchi zinazouza maua mengi kabisa Ulaya. Kule Naivasha waridi hukatwa, likatiwa katika chumba cha baridi, likapakiwa katika ndege, na baada ya muda mfupi liko sokoni Uholanzi. Kazi hiyo ni riziki ya maelfu ya watu, na siidharau. Lakini chukua waridi moja la aina hiyo ulisogeze puani. Mengi yake hayanuki kitu, kwa kuwa yamezalishwa yavumilie safari na yadumu siku nyingi chomboni, na katika kutafutiwa uvumilivu huo harufu ikaachwa nyuma. Waridi la uani kesho kutwa litakuwa limepukutika, ila leo limekunukisha nyumba nzima.

CHUMVI NA SISIMIZI

Basi nije kwenye karaha, maana hizo nimezisoma kwa gharama yangu mwenyewe.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na ardhi yake ina chokaa nyingi. Mwaka wa kwanza majani ya mwasumini yaligeuka manjano, mishipa yake peke yake ikabaki kijani, kama ramani ya mito. Mtu mmoja akaniambia mti umekosa madini ya chuma, nizike misumari yenye kutu. Nikazika ratili nzima. Haikusaidia. Chuma hakikosi ardhini. Chokaa ndiyo inayouzuia mzizi kukichukua, na msumari ukizikwa katika chokaa hiyo hiyo nao hunyimwa njia. Kilichofaa ni samadi iliyooza barabara na majani makavu, tena kwa miezi, si kwa siku.

Halafu kuna maji. Ya mfereji hutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima huko Tsavo na mengine Baricho kando ya mto Sabaki, na hayaji kila siku. Mfereji ukikauka mtu hununua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, na mke wa nyumba akikuona unamimina maji ya kununua juu ya mti, jitayarishe kwa maneno. Mimi nikaona nitumie werevu, nikateka ya kisimani. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya munyu. Baada ya wiki chache kingo za majani zilikuwa zimeungua kana kwamba mtu amezipitishia kiberiti. Sasa namwagilia maji yaliyooshea mchele, kama alivyokuwa akifanya mama, jambo ambalo ningalilijua mapema lau ningalitazama.

Sisimizi nao nimewalaumu bure. Ukiwaona wanapanda na kushuka shinani, wao si wezi, ni wachungaji. Kule juu, chini ya majani machanga, kuna vidukari na wadudu wengine weupe kama pamba, ambao hunyonya mti na kutoa majimaji matamu. Sisimizi huyalamba, na kwa kulinda chakula chao huwafukuza maadui wa wadudu hao. Maji ya sabuni ya mche, yakinyunyizwa chini ya majani wakati wa magharibi na kurudiwa baada ya siku chache, huwamaliza. Usinyunyize mchana, jua litakuunguzia mti.

Ila kosa langu kubwa halikuwa la maji wala la wadudu. Lilikuwa la mapenzi. Sikuthubutu kukata hata tawi moja, kwa kuwa kila tawi nililiona limeguswa na mkono wa mama. Mti ukatambaa ukafika dirishani, majani tele, maua hakuna. Akaja bibi mmoja jirani ambaye mama alikuwa akimwita shoga. Akautazama kitambo, akasema, "Mwanangu, huu mti umeufuga kama ndevu."

"Naogopa kuukata, mama," nikamjibu.

"Mamako alikuwa akiukata kila mwaka. Niletee mkasi."

Alikata mpaka usawa wa goti. Nakiri kwamba nilitoka nikaenda kusimama barazani, nisione. Lakini mwasumini huzaa katika vitawi vipya. Tawi la zamani humea majani tu. Hazikupita wiki nane matumba yakajaa, na Alhamisi moja jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa, nilichuma sahani mbili zikafurika. Moja nilimpelekea yeye.

Hapo ndipo nilipoionja raha yake, nayo haikuwa ile niliyoidhania. Nilidhani mwenye maua hufurahia maua. Kumbe asumini humletea mtu watu. Wasichana ambao sikujua hata ni wa nani hubisha hodi alasiri, "Mjomba, tumetumwa," na kwa njia hiyo nimejua nani anaoza, nani amejifungua, nani karudi kutoka Oman. Wako pia wasiobisha. Hao huingia mchana, wakachuma matumba mabichi yasiyofaa kitu, na tawi likavunjika juu yake. Nimewahi kufikiria kutia kufuli mlangoni. Mama hakuwahi kutia, basi nikaona haya.

VYUMBA VIWILI

Sisi ni ndugu watano, na nyumba ni ya urithi. Mwaka huu wenzangu wameafikiana kwamba ule ua ujengwe vyumba viwili vya kupangisha. Siwezi kuwalaumu. Mmoja ana watoto chuoni, mwengine hana kazi, na mti haulipi kodi. Nyua nyingi za mtaa wetu zimekwenda njia hiyo hiyo. Ukipita jioni pahala palipokuwa pakinukia, sasa unasikia redio ya mpangaji.

Basi ikanibidi kuuhamisha. Kuung'oa mti wa umri ule, ambao mizizi yake imejipenyeza ndani ya mwamba na chini ya kisima, ni kuuua. Nikakata vipande vya shubiri moja, vyenye vifundo vitatu au vinne, nikavipanda nyumbani kwangu Kisauni. Vya kwanza niliviozesha kwa maji mengi. Vya pili nilivipanda Februari kwenye jua la kaskazi, vikawa kuni. Vya tatu vilishika vizuri, vikatoa majani, na mbuzi wa jirani akavila vyote asubuhi moja, pamoja na kijiti kilichoandikwa tarehe.

Nilipokwenda kumsimulia yule bibi hakucheka. "Kitawi ukikikata kinakuwa yatima siku hiyo hiyo," akasema. "Kilaze kingali na mamake."

Akanionyesha. Unachukua tawi la chini, refu, lisilo changa wala kukomaa mno. Unalikwaruza kidogo upande wa chini, chini ya kifundo, unaliinamisha mpaka ndani ya debe lenye udongo mwekundu wa bara uliochanganywa na samadi, unalifukia pahala hapo penye jeraha na kuweka jiwe juu, ncha yake ikitazama nje. Debe unaliweka pale pale ubavuni mwa mti. Tawi litaendelea kunyonya kwa mama huku likijitafutia mizizi yake, na huligusi mpaka limejitosheleza. Nililaza matawi mawili mwezi wa Aprili, mvua za mwaka zilipoanza kunyesha.

Sasa kusi inavuma na maua yamepungua. Juma lililopita nililivuta tawi moja kidogo kidogo kwa vidole viwili, na likakataa kuja. La pili bado linacheza. Fundi ameshateremsha kokoto mlangoni. Nimemwomba anipe wiki tatu, kwa ajili ya lile la pili. Amenitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watu wa maua, akasema atanipa wiki moja.

Juzi jioni nilikuwa nimeinama pale nikihesabu vifundo, mara mjukuu wa yule bibi akaingia na sahani. Binti wa nyumba ya tatu anaolewa Jumapili, na wametumwa kila nyumba. Nikautafuta mti wote, mpaka matawi ya nyuma ya tangi, nikapata matumba yapata arobaini. Nilimpa yote, yakafunika chini ya sahani tu.

"Bibi kasema," akaniambia yule mtoto akiwa mlangoni, "hayo madebe ukishindwa kuyabeba yote mawili, moja liache kwake."