Ng'ombe wa Kimanagan na Wajibu wa Kupeana Habari

Tangu mwanaanthropolojia Melville Herskovits alipochapisha mwaka 1926 nadharia yake kuhusu mapenzi ya mifugo katika Afrika Mashariki, Wakipsigis wa Kericho na Bomet, nchini Kenya, wamesimuliwa mara nyingi kama watu wa kurundika ng'ombe kwa majivuno, na waliosimulia hivyo walihesabu mifugo iliyokuwa zizini bila kuuliza ilikuwa ya nani. Laiti wangeuliza, wangeambiwa kuhusu kimanagan, yaani desturi ya mtu kumkabidhi ndugu, mkwe au rafiki wa mbali ng'ombe wake amtunzie, ambapo mtunzaji hunywa maziwa na ndama hubaki mali ya mwenye ng'ombe. Kwa mpango huo, maradhi au uvamizi havikuweza kumfilisi mtu kwa siku moja, wala jirani mwenye kijicho hakujua kipimo cha utajiri wake.

Mpango wote ulisimama juu ya habari. Ng'ombe akizaa, akiugua au akipotea, mtunzaji alipaswa kupeleka taarifa kabla hajaulizwa, na ng'ombe akifa, ngozi yake ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mwenye ng'ombe naye alipaswa kufika, akasalimu, akauliza hali ya watoto na ya malisho, akanywa mursik, maziwa ya mgando yanayohifadhiwa katika sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na ndipo aongozwe zizini akapapase mbavu na kutazama kwato. Kwa kulinganisha, mwenye farasi wa mbio anayemwachia mkufunzi farasi wake pale Ngong, Nairobi, hulipa ada na hudai taarifa kama haki ya mteja. Katika kimanagan hapakuwa na mteja, bali watu wawili ambao udugu wao ulikuwa na thamani kubwa kuliko ng'ombe mwenyewe.

Mashamba makubwa ya chai yaliyoanzishwa miaka ya 1920 yalimeza malisho, nyua zikafuata, na chai ya wakulima wadogo, iliyosimamiwa na shirika la KTDA kuanzia 1964, ikajaza sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki, hata ng'ombe wa gredi akafungiwa bandani na kuletewa majani ya nepia. Mfanyakazi wa Nairobi bado humwachia kaka yake wa Bomet ng'ombe, lakini hutuma pesa za dawa kwa M-Pesa na kutumiwa picha ya ndama, jambo ambalo wapenda maendeleo huliita nafuu. Picha haikohoi, wala haionyeshi kwato zilizooza kwa tope la bandani, na mwenye mali anayekuja Desemba tu akamkuta ng'ombe amekonda hana haki ya kumlaumu mtunzaji peke yake, kwa sababu kimanagan ilimtaka na yeye afike.