Ada ya chuo haisubiri bei ya mahindi

WAZAZI wengi huanza kuzungumzia masomo ya mtoto baada ya kidato cha nne siku matokeo yanapotangazwa. Kwa kawaida hiyo ni Januari. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mahindi wakati huo bado yako shambani, ghala limepungua, na fedha kidogo iliyobaki inangoja mbolea ya kukuzia. Ndipo mtoto anapoulizwa anataka kusoma nini, huku baba na mama wakijiuliza watauza nini.

Swali hilo la pili ndilo linalozisumbua familia nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo, na ndilo linaloweza kupatiwa jibu kabla matokeo hayajatoka. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Kuanzia hapo hadi matokeo kuna muda wa kutosha wa kukaa na daftari, kumsikiliza mtoto mwenyewe na kupiga hesabu ya kila njia iliyopo: akifaulu vizuri, akifaulu kiasi, asipofaulu.

Kinachowaponza wengi ni kalenda. Kidato cha tano huanza Julai. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kozi ndefu za vyuo vya ufundi stadi vya VETA kwa kawaida huanza Januari, na maombi yake hupokelewa miezi kadhaa kabla. Maana yake ni kwamba kijana anayetaka ufundi hapaswi kungoja matokeo ndipo aulize fomu. Akingoja, atakaa nyumbani mwaka mzima.

Kwa mkulima wa mahindi, Julai ndio mwezi wa hatari. Mavuno yameingia, kila mtu anauza, na walanguzi wanajua hivyo. Mzazi aliyepata barua ya mtoto ya kujiunga na shule hana nafasi ya kubishana bei.

Mfano ni rahisi. Familia inahitaji Sh. 600,000 za maandalizi ya kidato cha tano. Gunia la kilo 100 likiuzwa Sh. 50,000 wakati wa mavuno, yatatoka magunia 12. Gunia hilo hilo likifika Sh. 80,000 miezi michache baadaye, yangetosha magunia saba na nusu. Bei hizi ni za mfano tu, hubadilika kila msimu na kila soko, lakini tofauti ya magunia manne na nusu ni chakula cha miezi kadhaa. Na hapo bado mnunuzi hajaleta lumbesa.

Kuhifadhi nako kuna gharama zake. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi walimpa jina la Scania, anaweza kugeuza ghala zima kuwa unga kabla bei haijapanda. Mwenye nia ya kuuza Desemba au Januari lazima akaushe mahindi vizuri na atumie dawa sahihi ya ghalani au mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Asiyeweza kufanya hivyo ni afadhali auze mapema kuliko kuhifadhi hasara. Wenye uzoefu hugawa mavuno mara tatu: sehemu ya kuuza mara moja kwa ajili ya Julai, sehemu ya kungoja ada za Oktoba na Januari, na chakula ambacho hakiguswi hata mtoto akichaguliwa wapi.

Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi yuko upande mwingine wa kalenda. Minada ya korosho hufanyika kuanzia Oktoba, kwa hiyo chuo kikuu kinapofunguliwa fedha inaweza kuwapo. Lakini Julai humkuta akihangaika na salfa ya kupulizia mikorosho. Mtoto wake akipangiwa kidato cha tano, fedha hiyo lazima iwe imetengwa tangu msimu uliopita, la sivyo ataingia mikononi mwa wanaonunua mazao yakiwa bado juu ya mti.

Wapo wanaosema siku hizi elimu ni bure, hivyo hofu ya nini. Ni kweli kwamba Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Hata hivyo, mtoto wa Sumbawanga anaweza kupangiwa shule ya bweni Tanga. Nauli, godoro, sare, madaftari na matumizi madogo vitamfuata mzazi huko huko, tena mara kadhaa kwa mwaka.

Kwa wanaokwenda chuo kikuu, ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imetolewa pia kwa stashahada katika fani maalumu, zikiwamo za afya, kilimo na mifugo. Lakini si kila mwombaji hupata, na anayepata huenda asipate asilimia mia. Hata aliyefanikiwa anahitaji nauli na fedha ya kula siku za mwanzo, kwa sababu mkopo haumsubiri stendi.

Mkopo huo ni deni, jambo ambalo baadhi ya familia hulisahau. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, makato yalikuwa asilimia 8. Afadhali kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Aliyejiajiri naye anadaiwa, asifikiri kufungua duka kunamtoa kwenye orodha.

Kinachokwamisha maombi mengi vijijini wala si fedha, ni makaratasi. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi. Watoto wengi wana kadi ya kliniki tu, au jina la kwenye cheti halifanani na lile la shuleni. Mambo haya hurekebishwa kwa urahisi mtoto akiwa kidato cha pili au cha tatu, kabla hajasajiliwa kwa mtihani. Yakingoja dirisha la maombi lifunguliwe, safari za wilayani zitakula fedha ya mbegu.

Upo upande mwingine wenye vishawishi zaidi. Matokeo yakitoka, matangazo ya vyuo binafsi hujaa redioni na kwenye nguzo za umeme, mengine yakiahidi ajira. Mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini anaweza kusoma astashahada katika fani nyingi, na hiyo ni njia nzuri tu. Lakini kabla ya kuuza ng'ombe, mzazi aulize kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kama kozi yenyewe, si chuo peke yake, imeidhinishwa. Vyuo vikuu viko chini ya TCU. Taasisi zote mbili huweka orodha hadharani, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kumwangalizia mzazi kwa dakika chache. Ng'ombe akishauzwa harudi zizini kwa sababu cheti hakitambuliki.

Ufundi nao una hesabu yake ambayo wachache huipiga. Mbali na VETA, nchi ina vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi vya Serikali, vilivyoanza mwaka 1975 na vingi vikiwa karibu na vijiji. Gharama zake ni nafuu ukilinganisha na vyuo vingi binafsi. Tatizo huja baada ya mafunzo. Kijana anarudi na cheti cha uchomeleaji bila mashine ya kuchomelea, au binti anamaliza ushonaji bila cherehani, na matokeo yake anakuwa kibarua wa mwenye vifaa. Mzazi aliyejiandaa kulipia chuo kikuu miaka mitatu angeshangaa akiambiwa atenge fedha ya vifaa vya fundi, ingawa mara nyingi ni ndogo zaidi. Iandikwe kwenye bajeti ya mafunzo tangu mwanzo.

Na shamba je? Katika nyumba nyingi kubaki shambani hutajwa kama adhabu ya kufeli, halafu watu wale wale wanashangaa vijana wanapokimbilia mjini. Kijana asiye na ekari zake, anayelima kwa baba bila kujua mapato, hajapewa kazi, amepewa ukibarua. Ni tofauti akikatiwa eneo lake, akapewa mtaji kidogo wenye masharti na daftari la mapato na matumizi. Anayetaka kusoma kilimo chenyewe anaweza kuomba vyuo kama Uyole mkoani Mbeya, Ilonga wilayani Kilosa, Tumbi mkoani Tabora au Ukiriguru mkoani Mwanza, na upo uwezekano wa kuendelea hadi Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Kwa mwenye duka au genge, hatari ni kulipa ada kutoka kwenye mtaji. Mwezi wa kwanza haionekani. Mwezi wa tatu rafu zina mapengo, wateja wanahamia jirani, na muhula wa pili hauna pa kutoka. Ada itoke kwenye faida iliyowekwa pembeni kila wiki, iwe benki, kwenye simu au kwenye kikoba. Vikoba vingi hugawana fedha Desemba, na sehemu kubwa huishia kwenye sikukuu. Kikundi chenye wazazi wengi wa watoto wa sekondari kinaweza kukubaliana kwenye katiba yake kugawana Juni au Septemba, na uamuzi huo ufanywe mwanzoni mwa mzunguko, kabla ya hisa ya kwanza kununuliwa.