Daftari la Wapiga Kura: Nani Abebe Uzito wa Kujiandikisha? (Sehemu ya Pili)

Mkazi wa Kilole, hapa Korogwe mjini, aliyetaka kuingia kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura kabla ya uchaguzi wa mwaka 2025 hakuulizwa anapata mshahara kiasi gani wala aliishia darasa la ngapi. Hakudaiwa shilingi. Alitakiwa awe raia, awe na miaka 18 au awe anaitimiza ifikapo siku ya kupiga kura, na afike mwenyewe kituoni ili apigwe picha na achukuliwe alama za vidole. Ukiyasoma masharti hayo kwenye karatasi, utasema hakuna nchi iliyorahisisha kazi hii kuliko sisi.

Lakini kulikuwa na sharti moja zaidi, nalo halionekani kama sharti: afike ndani ya siku saba.

Juma lililopita tulieleza jinsi Daftari lilivyozaliwa kutokana na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, na jinsi uandikishaji wa kwanza ulivyofanyika mwaka 2004 ili kuandaa uchaguzi wa 2005. Kabla ya hapo wananchi waliandikishwa upya kila uchaguzi ulipokaribia. Leo nataka tulitazame jambo ambalo mjadala wetu hulipita haraka. Ugumu wa kujiandikisha hauondoki kwa sababu sheria imeufuta. Kazi ya kuthibitisha kwamba mtu ni nani, anaishi wapi na hajaandikwa mara mbili lazima ifanywe na mtu. Swali ni kama itafanywa na ofisi yenye magari, mitambo na bajeti, au na mwananchi mwenye miguu yake na siku yake ya kibarua.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu mkoa wetu uliwahi kuonja uandikishaji mgumu kweli. Mwaka 1958, chini ya Gavana Richard Turnbull, Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa wabunge wa Baraza la Kutunga Sheria, ule wa kura tatu. Jimbo la Tanga lilikuwa katika awamu ya kwanza, Septemba mwaka huo. Majimbo mengine yakafuata Februari 1959. Ili uandikishwe ulipaswa uwe na umri wa miaka 21, kisha uwe umesoma hadi darasa la nane, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe umeshika wadhifa uliotambuliwa na serikali. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Huyu mkata mkonge wa Magunga au Ngombezi, aliyelipwa kwa kipande chake baada ya kukamilisha siku zake za kazi, hakukisogelea kiwango hicho hata kidogo. Mkulima wa mahindi wa Handeni hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kipato. Na shule zenye darasa la nane zilikuwa chache mno, hasa kwa mtoto wa kike.

Matokeo yake, katika nchi ya watu wapatao milioni 9, walioandikishwa hawakuzidi sana 59,000. Tena kila mmoja alilazimika kuchagua wagombea watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilibishana vikali juu ya jambo hili katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958. Zuberi Mtemvu aliona kushiriki ni kuukubali ubaguzi, akajitoa na kuanzisha chama chake cha Congress. Mwalimu Nyerere alishinda hoja kwamba waingie, wajiandikishe kadiri wanavyoweza, wavunje mlango kutokea ndani. Miaka miwili baadaye masharti yalilegezwa: ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha nusu ya kile cha kwanza. Walioandikishwa wakafika karibu 885,000. Kufikia uchaguzi wa rais wa 1962 vipimo vya elimu na mali vilikuwa vimeondoka, na kila mtu mzima akawa na haki hiyo.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu moja. Serikali ya kikoloni haikusema kwamba mkata mkonge haruhusiwi kupiga kura. Ilisema tu kwamba wapiga kura ni watu wa namna fulani, halafu ikaacha vipimo vifanye kazi. Vipimo vya leo si hivyo, na ni dhuluma kuvilinganisha. Lakini njia ya kumwacha mtu nje bila kumkataza bado ipo, na sasa inapita kwenye muda na mahali.

Tuanze na muda. Uboreshaji wa Daftari ulizinduliwa Kigoma Julai 20, 2024, ukazunguka nchi nzima mkoa kwa mkoa, na Tanga tukafikiwa mapema mwaka 2025. Kila eneo lilipewa siku saba, vituo vikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Nchi nzima vilikuwa vituo 40,126, zaidi ya vile 37,814 vya 2019/20. Vifaa vya kuandikishia vilikuwa vyepesi kuliko vya mwaka 2015. Wazee, wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na watu wenye ulemavu hawakupaswa kupanga foleni. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilifika hata magerezani. Hizi ni hatua za kweli, na anayezibeza hatendi haki. Mwishoni mwa zoezi Tume ilitangaza wapiga kura zaidi ya milioni 37, kutoka milioni 29.7 za mwaka 2020.

Hata hivyo, chukua kijana wa Kilole anayebeba mizigo Kariakoo. Anarudi nyumbani Idi na wakati wa mavuno. Wiki ya uandikishaji Tanga ikiangukia katikati, atachagua kupoteza kibarua au kupoteza nafasi. Anaweza kujiandikisha Dar es Salaam zamu ya huko ikifika, ni kweli, lakini siku ya uchaguzi itambidi awe huko huko, na diwani atakayemchagua si yule anayeamua kuhusu maji ya mtaa wa mama yake. Au chukua wafugaji wa upande wa Handeni wanaohama na mifugo kufuata maji. Au mama anayetoka Handeni na gunia la mahindi kuleta sokoni Manundu kila siku ya gulio. Hawa hawakukatazwa na mtu. Kalenda tu haikuwa yao. Awamu ya pili ya uboreshaji ilikuja Mei 2025, lakini vituo vilikuwa vichache zaidi, kwa ngazi ya kata, na aliyekaa mbali na makao makuu ya kata alitembea zaidi kuliko mara ya kwanza.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao ningependa wahusika wauchukulie kwa uzito. Oktoba 11 hadi 20, 2024, wananchi waliitwa kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Hiyo ilikuwa orodha nyingine kabisa, chini ya TAMISEMI, ya mtaa au kitongoji, isiyo na picha wala kadi. Waliojiandikisha walitangazwa kuwa zaidi ya milioni 31. Miezi michache baadaye watu walewale wanaitwa tena, safari hii na Tume na mashine zake. Mzee anayesema "mimi nimeshajiandikisha, mwenyekiti wa kitongoji aliniandika" si mvivu wala mjinga. Amesema ukweli. Serikali moja imemwita mara mbili kwa jina moja la kazi na kumwachia yeye atofautishe.

Sasa mahali. Na hapa Handeni inaingia kwenye historia kwa namna ambayo wengi wetu tungependa isingetokea.

Kuanzia Juni 2022 familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali iliuita wa hiari na ambao wakazi wengi wa Ngorongoro waliupinga. Agosti 2, 2024 likatolewa Tangazo la Serikali Namba 673, lililofuta katika orodha ya maeneo ya utawala kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro. Katika kipindi hichohicho wakazi ambao hawakuhama waligundua kwamba taarifa zao za mpiga kura zinaonyesha kituo chao kipo Msomera, umbali wa karibu kilomita 600. Walikuwa hawajafutwa. Majina yao yalikuwepo, kadi zao zilikuwepo. Kilichohama ni kituo.

Kuanzia Agosti 18 maelfu yao walikaa barabarani ndani ya hifadhi, wakidai pamoja na mambo mengine haki ya kujiandikisha na kupiga kura wanapoishi. Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Siku iliyofuata serikali ikamtuma Waziri William Lukuvi kuzungumza nao na kuahidi kwamba vijiji na huduma vitarudi, na kabla ya uchaguzi wa Novemba 27 vijiji vilirejeshwa kwenye orodha.

Sitaki kuigeuza Msomera kuwa mfano wa kitabuni. Waliohamia huko ni majirani zetu, wana watoto shuleni Handeni, na aliyehama kwa ridhaa yake anastahili kituo karibu na boma lake jipya. Ndiyo maana hoja inasimama imara zaidi: mpiga kura huhama, kituo humfuata. Ikigeuzwa, kituo kikahama kwanza na mpiga kura akatakiwa akifuate, uandikishaji unageuka chombo cha kumsukuma mtu. Hakuna sharti la elimu wala mali la mwaka 1958 lililomtaka Mtanganyika atembee kilomita 600.

Wapo watakaosema kwamba ukilegeza mno, Daftari linajaa majina ya marehemu na ya watu walioandikwa mara mbili, na wenye hila watapata mwanya. Hofu hiyo si ya kupuuza. Mwaka 2010 Daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 20, lakini waliopiga kura walikuwa chini ya asilimia 43. Sehemu ya pengo hilo ni watu waliochoka au waliokata tamaa, na sehemu nyingine, bila shaka, ni majina ambayo wenyewe walishazikwa au walishahama. Daftari chafu humdhuru mwananchi mwaminifu. Lakini tazama nani anaweza kulisafisha. Alama za vidole hulinganishwa na mitambo ya Tume. Vifo huandikwa na RITA. Kujiandikisha zaidi ya mara moja tayari ni kosa lenye faini na kifungo. Kazi zote hizo ni za ofisi, na hakuna hata moja inayofanyika vizuri zaidi kwa kumpunguzia siku mama wa Handeni. Foleni ndefu haimtambui mwongo, humtambua tu mwenye nafasi ya kukaa foleni.

Majirani zetu wamejaribu njia ya kudai kitambulisho. Kenya huandikishwi bila kitambulisho cha taifa au pasipoti, na kwa miaka mingi Wanubi wa Kibera na Wasomali wa kaskazini walihojiwa na kamati za uchunguzi kabla ya kukipata. Kuhojiwa huko kuliondolewa kwa wakazi wa kaskazini mwezi Februari 2025 tu. Zanzibar nako, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi pamoja na sharti la kukaa jimboni miezi 36 vilizaa malalamiko uchaguzi baada ya uchaguzi, mengi yakimlenga sheha ambaye neno lake lilifungua au kufunga njia. Sisi Bara tusiifuate njia hiyo kabla NIDA haijamfikia kila mtu. Ila Kenya wana jambo moja ambalo tungepaswa kuliiga mara moja: Katiba yao ya 2010 inaitaka tume kuandikisha wapiga kura mfululizo, siyo kwa msimu.

Hilo linawezekana Kilole. Ofisi ya mtendaji wa kata ipo mwaka mzima. Kifaa kimoja cha kuandikishia kikikaa kwenye halmashauri ya mji na kuzungushwa katani kwa siku zinazojulikana kila mwezi, yule kijana wa Kariakoo ataandikishwa Idi. Kingine kipite siku za minada ya mifugo Handeni na siku za mshahara kwenye mashamba ya mkonge, mahali ambapo watu wameshakusanyika tayari. Tume tayari inamruhusu aliyeko kwenye Daftari kuanza kurekebisha taarifa zake kwa mtandao kabla ya kufika kituoni, kwa hiyo sehemu ya mfumo ipo. Orodha ya serikali za mitaa nayo itokane na Daftari hilohilo, mtu aitwe mara moja.

Na sheria iongezewe kifungu kimoja: taarifa za mpiga kura zisihamishwe kituo, kata wala wilaya bila ombi lake mwenyewe lenye saini au dole gumba, na likitokea kosa lirekebishwe na aliyelifanya, kwa gharama zake, kabla ya siku ya uchaguzi.

Juma lijalo: pingamizi, mawakala wa vyama, na namna ya kulikagua jina lako Daftari la awali linapobandikwa.