Mwalimu wa Mpakani na Cheti Chake cha Zamani



Juma hili twawaomba wasomaji wetu waondoke nasi pwani hadi mpakani. Malori yapakiayo shehena katika bandari yetu ya Mombasa hupanga foleni Malaba yakingoja kuingia Uganda. Kutoka Malaba kwenda Busia ipo barabara ipitayo katika nchi ya Wateso, na njiani mna kituo cha biashara kiitwacho Adungosi. Waislamu wa upande ule ni wachache, lakini wamo, na miongoni mwao wamo walimu, wake kwa waume. Jambo linalowakabili walimu hao ndilo linalowakabili walimu wa Kwale, Kilifi na Lamu. Ila wao wana nchi mbili mbele ya macho yao, na kwa hiyo suala lao laonekana waziwazi zaidi.

Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya alisoma chuoni miaka miwili, akapata cheti cha P1, akaajiriwa, na kwa cheti hicho akafundisha hadi kustaafu. Mlango huo umefungwa. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, ilibidi mafunzo ya walimu nayo yabadilike. Mwaka 2021 vyuo vilianza kufundisha diploma ya ualimu wa msingi ya miaka mitatu, na sharti la kujiunga likawekwa kuwa alama ya wastani ya C katika mtihani wa kidato cha nne. Mtihani wa darasa la nane ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sekondari ya chini, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, ikawekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi. Walimu wa P1 waliokuwa wamejisomea shahada kwa juhudi zao wenyewe walipata nafasi ya kupelekwa huko. Wenzao waliobaki na cheti kimoja waliwatazama wakivuka.

Ng'ambo ya mpaka hali ni hiyo hiyo. Sera ya taifa ya walimu iliyopitishwa Uganda mwaka 2019 yataka kila mwalimu awe na shahada, hata afundishaye watoto wadogo. Mwalimu wa Tororo mwenye cheti cha daraja la tatu na mwalimu wa Adungosi mwenye P1 wanaulizwa swali moja: je, utasoma tena?

Wengi hulijibu swali hili kwa manung'uniko, na manung'uniko yao yana haki ndani yake. Mwaka huo wa 2021 Tume ya Huduma za Walimu ilipozindua mafunzo ya kujiendeleza kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, walimu na vyama vyao walipinga kulipishwa kutoka katika mishahara yao midogo. Hatusemi walikosea. Twasema tu kwamba ubishi kuhusu nani alipe usitusahaulishe kuwa elimu yenyewe ni wajibu. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu ilikuwa ya kusoma, na yeye mwenyewe, mwalimu wa walimu, aliamrishwa aombe kuzidishiwa elimu. Basi ni nani kati yetu awezaye kudai kwamba amekwisha kusoma?

Wazee wetu walilifahamu hilo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, aliandika magazeti kwa mkono wake akiwahimiza Waislamu wasibaki nyuma katika elimu za zama zao. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, alikuwa mwalimu wa shule Unguja kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ualimu wa darasani haukumpunguzia heshima ya uanachuoni.

Sasa natuseme na familia, kwani humo ndimo jambo linamokwama. Mchukulieni mwalimu wa kike, mama wa watoto watatu, mwenye P1 ya zamani. Akitaka kusoma, masomo yatakuwa wakati wa likizo, yaani Aprili, Agosti na Desemba, wakati ambao watoto wako nyumbani na wageni wanakuja. Mumewe humwambia, "Subiri watoto wakue." Watoto wakikua huja karo ya sekondari, na mama huambiwa asubiri tena. Hata siku atakayoruhusiwa, huwa amebakiwa na miaka michache ya kazi.

Kina baba, tuwe wakweli. Sheria yetu imempa mke umiliki wa mali yake, na imemwekea mume wajibu wa kumlisha, kumvisha na kumweka mahali pa kukaa. Ikiwa mshahara wa mke unaingia katika unga, kodi na karo, huo ni ihsani yake. Je, yafaa anayefanyiwa ihsani mwaka mzima amnyime mwenziwe majuma machache ya kusoma? Mama yetu Bi Aisha (R.A.) alifundisha masahaba wakubwa kwa wadogo. Anayemsaidia mkewe kuwa mwalimu bora anasaidia darasa zima la watoto wa watu.

Njia zipo. Mwenye P1 aweza kusoma mafunzo ya kupandisha cheti hadi diploma, ambayo mtihani wake husimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya. Atakaye shahada aliyeko Adungosi ana Chuo Kikuu cha Alupe katika kaunti yake ya Busia, kilichokuwa chini ya Moi hadi kilipopata hati yake mwaka 2022. Tena, akivuka Malaba na kupita Tororo, atafika Mbale, chini ya Mlima Elgon, kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa mwaka 1988. Chuo hicho kina pia tawi la wanawake Kabojja, nje kidogo ya Kampala, jambo litulizalo nyoyo za wazazi wengi. Anayesoma ng'ambo aulize mapema, kabla ya kulipa ada, namna shahada yake itakavyotambuliwa na mwajiri wa Kenya. Kuuliza ni bure. Kurudia masomo ni ghali.

Kwa wanaoelekea shahada ya uzamili tuna nasaha mbili. Kwanza, someni kabla ya kujiandikisha. Chagueni swali linalotoka darasani mwenu. Mathalani, mtoto anayesema Kiteso nyumbani hujifunzaje kusoma Kiswahili? Aingiaye chuoni na swali lake humaliza mapema kuliko aendaye kulitafuta huko. Pili, epukeni kununua tasnifu. Nchini mwetu kuandikia watu kazi za vyuo kumekuwa biashara inayojulikana hata nje. Shahada iliyonunuliwa ni ushahidi wa uongo, na mshahara unaopandishwa kwayo una shaka. Mwalimu aliyenunua kazi yake atamkanyaje mwanafunzi anayechungulia karatasi ya mwenziwe?

Kuhusu ada, wengi hukimbilia mikopo ya riba inayokatwa katika mshahara, wakalipa miaka mingi baada ya mahafali. Kina mama wana chama cha kila mwezi. Kwa nini zamu moja katika mwaka isiwe ya mwalimu anayesoma, kama karadha njema isiyo na ziada? Na kamati ya msikiti inayochangisha zulia yaweza pia kuchangisha karo ya muhula mmoja ya mwalimu wa somo la dini.

Basi juma hili, katika kila nyumba yenye mwalimu, mume na mke wakae baada ya Isha wahesabu mambo matatu: likizo gani atasoma, fedha zitatoka wapi, na watoto watalelewa na nani siku hizo. Wakishaandika majibu hayo, hawatakuwa na sababu ya kuahirisha mwaka mwingine.

Wabillahi tawfiq.