Dola 24 na wanyama wa kesho

Kwenye podikasti ya wiki hii tuligusia uwindaji dakika mbili tu, tukacheka, tukapita. Lakini meseji zenu zimekuwa nyingi, kwa hiyo leo nalieleza vizuri.

Nilipopata leseni yangu ya kwanza ya kuwinda kulungu hapa Wisconsin, baba aliishika, akaigeuza mbele na nyuma.

“Hii karatasi ndiyo inakuruhusu kuua mnyama wa serikali? Na bwana nyama akikukuta?”

“Nitamwonyesha, baba.”

Akaguna. Sikumlaumu. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, kule Kigoma, nyama ya pori ilikuwa kitu cha kupikwa usiku, na jirani hakuulizwa imetoka wapi. Uwindaji wa halali aliouona yeye ulikuwa wa wageni matajiri wenye magari makubwa. Kwamba hapa hata fundi bomba anawinda, tena kwa dola 24, hilo lilimshangaza.

Hizo dola 24 ndizo zenye kesi. Bei ya leseni ya bunduki kwa mkazi wa Wisconsin ilipangwa mwaka 2005, na miaka 20 baadaye ilikuwa bado ile ile. Sasa fikiria kodi ya nyumba ilivyopanda tangu 2005! Ukihesabu mfumuko wa bei, dola 24 za wakati ule ni kama 40 za leo. Mafuta ya gari la askari wa wanyamapori yamepanda, mshahara wake pia, na kazi imeongezeka: tangu 2002 jimbo linapambana na ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu mpaka wafe.

Na wanaolipa wanapungua. Mwaka 2000 leseni za bunduki zilizouzwa zilizidi laki 6. Miaka ya karibuni ni kama laki 5 na nusu. Wazee wanaacha kwa sababu ya magoti, na wajukuu wako kwenye simu.

Hasara yenyewe ni mara mbili. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1937, inaitwa Pittman-Robertson. Kila bunduki ndefu au risasi inayouzwa ina ushuru wa asilimia 11 kiwandani, na fedha hizo hugawiwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Mgawo hutegemea ukubwa wa jimbo na idadi ya watu wenye leseni, na jimbo lazima lichangie kama robo ya gharama za mradi. Kwa hiyo mwindaji mmoja akiacha, jimbo linakosa ada yake, na linakosa pia sehemu ya fedha za Washington.

Basi wapandishe bei? Hapo ndipo nilipobishana na mzee jirani yetu, aliyenifundisha kukaa kimya porini. Yeye anasema wapandishe hata kesho, mtu anayenunua bunduki ya dola 800 hawezi kulia kwa dola 15. Mimi namwambia, mzee, wewe bunduki uliirithi kwa baba yako. Familia mpya kama yetu inaanza na sifuri: bunduki, koti la rangi ya chungwa, kozi ya usalama (ni lazima kwa yeyote aliyezaliwa tangu 1973), petroli ya kwenda na kurudi. Ada ikipanda sana, wa kwanza kubaki nje ni sisi.

Lakini kuna kitu Wisconsin ilifanya vizuri. Anayenunua leseni kwa mara ya kwanza hulipa dola 5 tu. Ndiyo niliyolipa mimi. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: wapandishe, ila kidogo kidogo kufuata mfumuko wa bei, siyo kulala miaka 20 halafu kuruka ghafla. Mlango wa dola 5 ubaki wazi. Na wanaokuja porini kutembea na kupiga picha za ndege nao wachangie, maana msitu ni huo huo.

Najua wengine mtasema, “Kuwinda siyo mambo yetu.” Sawa, hakuna anayekulazimisha. Lakini tulipofika nchi hii, nyama ya kwanza tuliyopewa kwenye stoo ya chakula ya kanisa ilikuwa ya kulungu, imechangwa na wawindaji tusiowajua. Mama aliipika na nyanya na vitunguu, tukala na ugali, tukalala tumeshiba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu ilishapita zamani.

Novemba iliyopita nilipata jike mmoja. Nusu tuliiweka kwenye friza, nusu nikaipeleka stoo ile ile. Baba alikata nyama mwenyewe, mchana, mlango wa gereji ukiwa wazi.

Wewe ungelipa shilingi ngapi, yaani, dola ngapi? Tuma sauti yako, tutaicheza wiki ijayo.