Moja na Nusu Waachie Jodongo

Omera, skiza. Ukipita stage ya Rongo na Datsun imebandikwa kabureta mbili za Weber, ekzosi inanguruma, alafu nyuma ni moshi nyeusi tii, hiyo si flex. Hiyo ni kuchoma picha. Dere wa Probox anafunga dirisha. Madem kwa stage wanaziba mapua. Na msee ako ndani na miwani, mkono nje, anadhani ameua. Ameua nini, buda? Ameua wallet. September 2023 EPRA walifikisha super Sh211.64 lita moja Nairobi. Doh kama hiyo ndiyo inatoka nyuma ikiwa masizi.

Na mimi nazipenda hizi ndai mbaya sana, ndio maana naongea. Migori na Homa Bay classic hauiagizi, juu sheria ya Kenya inakataa gari imepita miaka 8. Unaichimba. Iko nyuma ya boma ya mtu Awendo, kuku wanalala kwa kiti ya nyuma, na plate yake ni ya kabla KAA, yaani kabla 1989. Ukipata Datsun 1600 SSS hapo, piga magoti. 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walibeba Safari Rally na hiyo ndai. 1971 wakabeba tena, safari hii na 240Z. Hakuna Subaru ya vape na sub-woofer itakupea heshima kama hiyo.

SSS stock inakuja na injini ya L16, 1595 cc, na kabureta mbili za Hitachi. Wasee wa form wanaitoa, wanaweka L20B, 1952 cc, alafu juu wanapanga Weber 40 mbili. Set mpya ni karibu bei ya boda mpya, so usiseme sikukushow. Sasa injini ni kubwa, mdomo ni mkubwa, na hakuna mtu amewahi kuambia hizo kabureta injini inataka nini. Bonnet inafunguliwa. Na kabla ufungue hata toolbox, jaduong', yule mzee wa kila base, ameshafika.

Hujamuita. Ameskia tu harufu. Ako na bisibisi moja na jibu moja: "Zungusha moja na nusu." Gari inakataa kuwaka asubuhi? Moja na nusu. Inakohoa kwa mlima? Moja na nusu. Dem amekublock WhatsApp? Leta bisibisi.

Mazee, hiyo skrubu ya mikcha anazungusha inagusa gari ikiwa imesimama tu, mguu umetoka kwa pedali, na kidogo sana pale unaanza kuondoka. Basi. Moja na nusu ni pahali pa kuanzia, na si kabureta zote. Ndio maana gari inanguruma tamu kwa base, watu wanapiga video, alafu ukishika barabara inakuaibisha. Weber inafanya kazi kwa zamu. Ukikanyaga polepole, jeti ndogo ndiyo inalisha. Ukikaribia rev 3,000 hivi, jeti kubwa inachukua. Ukiivuta mpaka juu kabisa, jeti ya hewa ndiyo inaamua kama utapita lorry ya miwa ama utarudi nyuma yake na aibu. Kila jeti ina namba imechapwa. Unabadilisha moja, unaenda road, unaskia, unarudi. Ukibadilisha tatu kwa mpigo hutajua gani imekusaidia.

Namba ya kushika ni hii: petroli inachomeka safi kabisa ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake. Ukitaka nguvu, mguu umezama, unashuka mpaka 12.5 ama 13. Ukiwa unacruise tu mdogo mdogo, 15 ni sawa na mfuko unashukuru. Ikizidi petroli: moshi, harufu, plagi nyeusi, mpaka oil inanuka super juu petroli inaosha kuta za silinda. Ikizidi hewa ni mbaya zaidi. Inakohoa kwa kabureta, inachemka, plagi inageuka nyeupe, na ukiendelea kuipiga inatoboa pistoni. Ile ya moshi inakumaliza polepole. Hii nyingine inakumaliza siku moja.

Sasa skiza hii, juu wasee wa Nairobi hawatakuambia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Ziwa letu, Victoria, liko 1,134. Huku chini hewa ni nzito, na kabureta haina sensa, haina akili ya kujua umeshuka. So ndai imetuniwa Nairobi ikifika Homa Bay, hewa inaizidi. Si sana, asilimia kama tatu hivi. Lakini kama fundi wa Nairobi alikuwa ameibania petroli ndio uokoe doh, hiyo tatu ndiyo inakusukuma kwa shimo, na joto ya Homa Bay haina huruma. Na ile imetuniwa ziwani, ukipanda nayo Kisii mambo inageuka, petroli inazidi. Ndio nasema ndai ya huku ituniwe huku, kwa barabara yako, na hewa yako.

Utajuaje? Plagi. Toka Rodi Kopany mapema, barabara ikiwa empty, weka plagi mpya, vuta ndai gia ya tatu mguu ukiwa chini kabisa, alafu kanyaga klachi na uzime injini hapo hapo. Funguo usiitoe, steering itafunga. Simama kando, fungua plagi. Rangi ya chai ya maziwa, uko fiti. Nyeusi, shuka jeti. Nyeupe, panda jeti na uache kuringa. Ukiwa na ganji, kuna sensa ya kufunga kwa ekzosi na geji ya kuweka kwa dashboard, inasoma namba ukiendesha. Inacost kama simu ya maana. Mimi ningeuza simu.

Na filta, jamani. Jodongo wanapenda kuitoa "ndio gari ipumue." Ipumue nini? Vumbi ya Macalder? Na wale wadudu wa ziwa wakitoka kama wingu jioni, hiyo mdomo ya Weber ikiwa wazi itameza ukoo mzima. Weka filta, alafu tuni ukiwa nayo, juu ukiitoa mikcha inabadilika na kazi yote imeenda.

Ya mwisho ni petrol station. 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta taa juu wasee walikuwa wanaichanganya na mafuta ya gari. Taa kwa tanki inafanya injini igonge, na utabadilisha jeti mpaka uchoke ukidhani kosa ni kabureta. Chagua station moja unaamini, tuni na mafuta yake, kaa hapo.

Ukishapata rangi ya chai, andika namba za jeti kwa tape, bandika ndani ya bonnet: upande mmoja za ziwa, upande mwingine za Kisii. Jumapili ukikuja base yetu Makongeni, wacha stori za horsepower nyumbani. Kuja na spana ya plagi, fungua ya kwanza mbele ya mbogi, na tuione.